Breki ya mota kwenye gari la umeme: namna ya kupanga nguvu yake kwa milima, matuta na mvua za Mwanza

Kwenye gari la umeme, ukiachia pedali ya mafuta, mota haikai bure. Magurudumu ndiyo yanaanza kuizungusha, nayo inageuka dainamo: inazalisha umeme unaorudi kwenye betri, na ule ugumu wa kuizungusha ndio unaopunguza mwendo wa gari. Hiyo ndiyo breki ya mota. Magari mengi yanamwachia dereva achague ishike kwa nguvu kiasi gani. Wengi wanaomiliki gari la umeme kwa mara ya kwanza huweka kiwango cha juu kabisa tangu siku ya kwanza, wakiamini kwamba nguvu nyingi ni chaji nyingi, kisha hawakigusi tena.

Kwa Mwanza huko ni kukosea. Hapa ndani ya nusu saa unaweza kushuka Isamilo kwenye barabara ya mawe, ukapita foleni ya Nyerere Road, ukaruka matuta ya Igoma, kisha ukashika lami iliyonyooka kwenda Kisesa na Magu. Kila kipande kina kiwango chake. Nguvu ya breki ya mota huchaguliwa kwa kuangalia mteremko, hali ya barabara na nafasi iliyobaki kwenye betri. Chaji inayorudi ni faida inayofuata baada ya hapo.

Kinachorudi ni kiasi gani

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotoa tamaa. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo inayolingana na uniti 0.06 za LUKU (uniti moja ni kWh 1). Hilohilo gari likishuka mlima wenye kimo cha mita 50 linaachia uniti 0.2. Kwa maneno mengine, mteremko mmoja wa mita 50 una nishati nyingi kuliko kusimama mara tatu kutoka 60. Sehemu ya nishati hiyo inaliwa na upepo na msuguano wa matairi kabla haijafika kwenye mota. Ile inayofika inapotea tena njiani kwenye mota, kwenye kibadilisha umeme na kwenye betri yenyewe, kwenda na kurudi. Katika hali nzuri, theluthi mbili hivi ndiyo inayokuja kukusukuma tena baadaye.

Kwa hiyo kwenye tambarare, kuliacha gari liserereke lenyewe kunashinda kupunguza mwendo kwa mota kisha kuongeza tena. Umeme usioutoa kwenye betri haupotezi kitu. Breki ya mota inalipa kweli pale ambapo ungelazimika kushika breki kwa vyovyote: mteremkoni na kwenye foleni.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kwenye Nissan Leaf na magari mengi ya kisasa, ukikanyaga breki taratibu kompyuta inatumia mota kwanza, na pedi zinaongezwa pale mota inapokuwa haitoshi. Dereva anayeendesha kwenye D (gia ya kawaida ya kwenda mbele) na kukanyaga breki mapema kwa upole anarudisha karibu sawa na yule aliyeweka nguvu ya juu. Kinachobadilika ni mguu upi unafanya kazi.

Pa kubadilishia, gari kwa gari

Leaf zinazotoka Japani zikiwa zimetumika ndizo rahisi kukutana nazo, na haziko sawa. Zile za kwanza, kuanzia mwishoni mwa 2010, zina D na ECO tu. Ukishakuwa kwenye D, sogeza kitufe cha gia tena kuelekea D, utaona ECO ikiwaka kwenye dashibodi. ECO inaongeza kidogo nguvu ya breki ya mota, inafanya pedali ya mafuta iitikie taratibu, na inapunguza matumizi ya kiyoyozi. Baada ya maboresho ya mwishoni mwa 2012 kikaja kiwango cha B, chenye breki ya mota yenye nguvu zaidi, ingawa matoleo ya bei nafuu hayana. Hapo kusogeza kuelekea D mara ya pili kunakupeleka B, mara nyingine kunakurudisha D, na ECO ina kitufe chake. Unaweza kuwasha vyote viwili pamoja. Ukizima gari au ukiweka P, ukianza tena utakuwa D. Wengi hulalamika kwamba gari "leo halishiki" kumbe hawajairudisha B.

Leaf ya umbo la pili, iliyoanza 2017, ina D, B na e-Pedal, ambayo ina kiswichi chake karibu na gia. e-Pedal ni kitu tofauti na B. B inatumia mota peke yake, e-Pedal inachanganya mota na breki za kawaida, inalisimamisha gari kabisa na kulishikilia hata mlimani. Nguvu yake inafika 0.2 g, yaani kutoka kilomita 50 kwa saa gari linasimama ndani ya mita 50 hivi, na kutoka 60 ni mita 70 hivi.

Mitsubishi Outlander PHEV (hybrid ya kuchomeka) ina vikono viwili nyuma ya usukani na hatua sita, B0 hadi B5. Cha kushoto kinaongeza nguvu, cha kulia kinapunguza. Hyundai Kona na Ioniq 5 ziko hivyohivyo, kushoto kuongeza, kulia kupunguza, hatua 0 hadi 3. Ioniq 5 ina i-Pedal juu yake, inayosimamisha gari kabisa. Volkswagen ID.4 ina D na B kwenye gia. BYD Atto 3 ina viwango viwili tu: cha kawaida na kikubwa zaidi. Kama kwenye gari lako mpangilio huu unahitaji kupapasa skrini, upange kabla hujaondoka.

Kama skrini ya gari bado ni ya Kijapani, tafuta alama hizi mbili: 回生. Popote zilipo, hapo panazungumzwa breki ya mota.

Aliyezoea Toyota Prius au Aqua awe makini na herufi B. Kwenye hybrid hizo, zinazotumia petroli na umeme, B inazungusha injini ya petroli ili izuie gari, kama vile kushuka na gia namba mbili, na nishati nyingi inaishia kuwa joto. Imewekwa kwa miteremko mirefu. Kuitumia B mjini kutwa nzima kwenye Aqua kunakula mafuta, wakati kwenye Leaf B haina hasara hiyo.

Kulijua gari lako kabla ya kuingia mlimani

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, tambarare na kitulivu, Jumapili asubuhi mapema, betri ikiwa kati ya asilimia 40 na 70. Hakikisha upepo wa matairi uko sawa. Leaf inataka psi 36 mbele na nyuma, na tairi laini litakudanganya kwa kuwa nalo linazuia gari.

1. Weka kiwango cha chini kabisa. Fika 50, chagua alama ya kando ya barabara (nguzo ya umeme inatosha), achia mafuta ukiipita, na uhesabu nguzo hadi mwendo ushuke hadi 10.
2. Rudia kwa kila kiwango ulichonacho, ukianzia mahali palepale na kuelekea upande uleule.
3. Angalia mwendo ambao breki ya mota inaishia. Kwenye magari yasiyo na mfumo wa pedali moja (kama e-Pedal au i-Pedal), chini ya kilomita 10 kwa saa mota inakosa nguvu ya kuzuia na gari linaendelea kutambaa. Mwendo huo uukariri, kwa sababu kuanzia hapo ni lazima mguu uwe kwenye breki.
4. Mwisho, kwenye kiwango cha juu, jifunze kuinua mguu nusu. Kosa la wanaoanza ni kuachia mafuta yote kwa mkupuo, na abiria wanapiga vichwa mbele. Pedali ina eneo jembamba katikati ambapo gari halivutwi wala halizuiwi. Angalia mshale au vimiduara vya nguvu kwenye dashibodi mpaka mguu ulipate eneo hilo bila macho.

Wote wanaoliendesha gari hilo nyumbani wafanye zoezi hili, dereva wa kuajiriwa pia. Aliyezoea e-Pedal akikabidhiwa gari la petroli, mguu wake utangoja gari lisimame lenyewe, na halitasimama.

Kushuka mlima

Kipimo cha mteremkoni ni kimoja: achia mafuta kabisa na utazame mwendo. Mwendo ukipanda, ongeza hatua moja. Mwendo ukishuka hadi unalazimika kukanyaga mafuta, punguza hatua moja. Kiwango kinachoshika mwendo uleule bila kukanyaga chochote ndicho sahihi kwa mteremko huo. Kwa gari lenye D na B tu, mteremko wa lami wa kawaida kama ule wa kutoka Bugando utauanza na B, na breki ya mguu utaiongezea kwenye kona. Chagua kiwango ukiwa juu, kabla pua ya gari haijainama.

Sasa tatizo kubwa la wakazi wa vilimani. Mtu anaishi Isamilo juu au Capri Point, anachomeka gari usiku kucha, asubuhi betri ni asilimia 100, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mteremko. Anaachia mafuta kwenye B kama alivyozoea na gari halishiki. Hakuna kilichoharibika. Seli za betri zikikaribia kujaa, volti yake iko karibu na kikomo, na kusukuma mkondo mkubwa ndani yake kungeivusha kikomo hicho. Kompyuta inaifungia mota isizalishe. Kwenye Leaf utaona vimiduara vya upande wa kuchaji vimepungua. Kinachotisha ni kwamba jana jioni gari lilikuwa linashika vizuri, na mguu wako bado unakumbuka ya jana.

Dawa yake ni kupanga chaji. Ukibakiza asilimia 10 hadi 20 wazi, breki ya mota inapatikana karibu yote, na betri nayo inadumu zaidi. Baadhi ya Leaf za miaka ya mwanzo zina mpangilio wa kuishia asilimia 80. Kwa zisizo nao tumia saa ya kuchaji. Waya wa nyumbani wa ampea 10 kwa volti 230 unaingiza kilowati 2 hivi kwenye betri baada ya upotevu. Kwa betri ya kWh 40, asilimia 10 ni uniti 4, yaani saa mbili. Kama betri hiyo hujaa saa 11 alfajiri, iamuru ikate saa 9 usiku. Kwa betri ya kWh 24 ni saa moja na dakika kama kumi.

Ukijikuta juu ya mlima na betri imejaa, anza kushuka polepole tangu mwanzo, kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na breki ya mguu. Usingoje mwendo uzidi ndipo uanze kuukata, maana hakuna gia ndogo ya kukimbilia. Wenye e-Pedal watahisi gari linashika kama kawaida, lakini hapo zinazofanya kazi ni pedi na diski, na zinapata moto. Baada ya kushuka kiasi na kuendesha kilomita chache breki ya mota hurudi yenyewe.

Mvua, vumbi na barabara za mawe

Breki ya mota inazuia magurudumu yanayoendeshwa tu. Leaf, Kona na Atto 3 zinazuia ya mbele. Mitsubishi i-MiEV, na ID.4 yenye mota moja, zinazuia ya nyuma. Kwenye lami kavu hutahisi tofauti. Kwenye utelezi tofauti ni kubwa: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona ukiwa kiwango cha juu, gari la kuvuta mbele litanyooka badala ya kukata kona, na la kusukuma nyuma litatupa mkia.

Kwa hiyo mvua za vuli zikianza Oktoba, na masika Machi hadi Mei, shusha hatua moja au mbili kwenye barabara za vumbi na hasa kwenye zile za mawe zinazopanda vilimani. Mawe yaliyosuguliwa na matairi kwa muda mrefu huteleza yakilowa kuliko lami. Kwenye Leaf hapo weka D, ondoa B, tumia breki ya mguu kwa upole. Pedi zikiingia, nguvu ya breki inagawanyika kwenye magurudumu manne, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) ikiyasimamia, na manne yanashika kuliko mawili. Mchanga uliomwagika juu ya lami, unaobaki kwenye kona baada ya mvua kubwa kuuteremsha kutoka vilimani, uuchukulie kama utelezi hata kama jua linawaka.

Matuta na rasta

Hapa ndipo watu wengi wanashtuka. Unakaribia tuta, unazuia kwa mota au kwa kukanyaga breki kidogo tu, gurudumu la mbele linapiga ukingo wa tuta au shimo, na ghafla gari linajisikia kama limesukumwa mbele. Halijaongeza mwendo. Kilichotokea ni kwamba gurudumu limepoteza mshiko kwa sehemu ya sekunde, kompyuta imeona linateleza, ikakata breki ya mota ili kuwapisha ABS na breki za kawaida. Nguvu iliyokuwa inakuzuia imeondoka kabla pedi hazijaichukua. Mwili unatafsiri kukosa kuzuiwa kama kusukumwa.

Usinyanyue mguu. Kanyaga breki zaidi, kwa uthabiti, na pedi zitashika. Kilicho bora ni kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kufika. Ukiwa B na mwendo wa 50, achia mafuta ukiona kibao cha tuta, ukibakiwa na mita kumi na tano mguu uwe tayari kwenye pedali ya breki, na uingie ukiwa umeshafika mwendo wa kuvukia. Kwenye rasta za barabara ya Usagara au Kisesa, ambazo zinatikisa gurudumu mara nyingi mfululizo, kukatika huku kunaweza kujirudia. Hapo usitegemee breki ya mota hata kidogo.

Na kwa dharura, mtoto akikatiza au bodaboda akijitokeza, kanyaga breki yote. Kwenye lami kavu, kutoka 50, breki za kawaida zinasimamisha gari ndani ya mita 12 hadi 15 tangu zinaposhika. e-Pedal inahitaji mita 50. Tofauti hiyo ni maisha ya mtu, na mazoea ya pedali moja yanafanya mguu ukae mbali na breki. Kwenye maeneo yenye watu, kama stendi ya Nyegezi au karibu na soko la Kirumba, tunashauri mguu uelee juu ya breki hata kama gari linaweza kusimama lenyewe.

Taa za breki: walio nyuma yako wanaona nini?

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka taa za breki ziwake pale breki ya mota inapopunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde. Chini ya 0.7 hazitakiwi kuwaka, na katikati ni hiari ya mtengenezaji. e-Pedal inaziwasha. B ya Leaf ya zamani inaweza kukupunguza mwendo vya kutosha kumshtua aliye nyuma bila taa yoyote kuwaka, na aliye nyuma ni daladala iliyobakiza mita mbili.

Pima gari lako. Usiku, mtu asimame kando ya barabara tulivu atazame nyuma ya gari wakati unaachia mafuta kutoka 50 kwa kila kiwango, na akuambie zimewaka au la. Kama haziwaki, jenga tabia ya kugusa breki kidogo, kiasi cha kuwasha taa tu, kila unapoachia mafuta mbele ya foleni.

Safari ndefu, daraja na kivuko

Ukitoka mjini kuelekea Shinyanga, Musoma au Geita, rudi D au hatua ya chini kabisa. Mwendo wa kutulia na gari linaloserereka ndivyo vinavyookoa chaji. Kiwango cha juu kinafanya kila ukitikisa mguu gari lizuie na kuvuta, na kila mzunguko unapoteza. Mwendo wenyewe ndio unaokula zaidi: kutoka 80 kwenda 100, upinzani wa upepo unapanda kwa zaidi ya nusu. Kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, uko wazi kwa upepo wa ziwa mwanzo hadi mwisho, basi usishangae matumizi yakipanda. Kabla ya kila kijiji chenye kikomo cha 50 panda hatua moja, ukitoka shusha. Kwenye magari yenye vikono nyuma ya usukani inakuwa tabia ndani ya siku chache.

Kwa kivuko cha Kamanga, na vivuko vingine vinavyopakia magari, zima mfumo wa pedali moja kabla ya kupanda na tumia D na mguu kwenye breki. Kwenye mlango wa kivuko mwendo ni wa kutambaa, ambapo breki ya mota haipo, bati limelowa, na unahitaji kusogea sentimita kwa sentimita kwa ishara ya mpangaji. Ukishasimama, weka P na breki ya kuegeshea, vyote viwili. Gari lililosimamishwa na e-Pedal bado linaendeshwa, halijaegeshwa.

Pedi zisizotumika huoza

Breki ya mota ikifanya kazi nyingi, pedi zinadumu miaka. Ubaya ni kwamba diski haisuguliwi, na kwa unyevu wa kando ya ziwa inaota kutu, kisha pini za kalipa (kishikio cha pedi) zinakauka na kung'ang'ania. Siku utakayozihitaji, gurudumu moja litashika na jingine litachelewa, gari livute upande.

Mara moja kwa wiki, kwenye barabara tupu na tambarare, fika 50, weka N (kwenye Leaf unashikilia kitufe upande wa N kwa kama sekunde moja), kanyaga breki kwa uthabiti hadi 10, rudisha D. Kwenye N mota haizuii, pedi zinafanya kazi yote na kusafisha diski. Rudia mara tano au sita, ukiacha mita mia mbili au tatu kati ya moja na nyingine ili zipoe. Usifanye hivi mteremkoni. Mlio wa kukwaruza asubuhi baada ya mvua ni kutu ya juujuu, huisha baada ya kushika breki mara chache. Ukiendelea zaidi ya kilomita mbili tatu, fungua uangalie.

Kila kilomita 10,000, au mara moja kwa mwaka, fundi atoe magurudumu, avute pini za kalipa, azisafishe na azipake grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira na kung'ang'aniza pini tena. Pedi ikibaki milimita 3, andaa mpya. Mafuta ya breki, DOT 3 kwa Leaf, yabadilishwe kila miaka miwili hata kama rangi bado ni nzuri, kwa kuwa yananyonya unyevu hewani. Na siku hiyohiyo badilishana matairi ya mbele na ya nyuma: yanayoendeshwa yanavuta na kuzuia, hivyo yanaisha kwanza.

Breki ya mota ikipungua bila sababu inayoonekana

Angalia kwanza gia: je, uko B au imerudi D? Kisha chaji: ikiwa juu ya 95, jibu umeshalipata. Kisha joto. Leaf za maumbo hayo mawili hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo baada ya chaji ya haraka na mwendo mrefu juani kipimo cha joto kinaweza kukaribia nyekundu, na hapo kompyuta inabana nguvu ya kutoka na ya kuingia. Egesha kivulini, iache ipoe yenyewe.

Betri iliyochoka nayo inapokea kidogo. Leaf ina vijiti 12 vya uwezo wa betri pembeni mwa kipimo cha chaji, na vikianza kupungua, kiwango cha umeme inachokubali kwa mpigo kinapungua pamoja navyo. Kwa undani zaidi chomeka kisomeo cha OBD-II (kinachosoma kompyuta ya gari) chenye Bluetooth na ufungue programu ya LeafSpy kwenye simu: itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, joto lake, na tofauti ya volti kati ya seli. Seli moja dhaifu inatosha kuibana betri nzima, kwa kuwa ndiyo inayofika kikomo kwanza.

Taa ya ABS au ya breki ikiwaka na breki ya mota ikapotea, kabla ya kununua kifaa chochote pima betri ndogo ya volti 12 gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Inatakiwa 12.4 hadi 12.6. Chini ya 12.2 ichaji na uipime tena, ikishindwa kushika ibadilishe, kwa sababu betri ndogo dhaifu huleta makosa ya uongo kwenye kompyuta ya breki. Ikiwa nzima, tazama kama umebadilisha matairi hivi karibuni. Matairi ya ukubwa tofauti yanazunguka kwa kasi tofauti, na kompyuta inadhani moja linateleza.

Gari likigoma kabisa, usiruhusu livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Mota inazungushwa nayo, inaendelea kuzalisha umeme usio na pa kwenda, na unaweza kuunguza kibadilisha umeme. Kwa Leaf magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, au gari zima lipakiwe juu ya lori.